Bodi za saketi: tuzitengeneze wenyewe au tuziagize Shenzhen?

Kila bajeti ya vyuo vyetu vikuu inapofika mezani, swali moja huzuka likiwa limevaa nguo tofauti. Je, kitu hiki tukitengeneze wenyewe au tuwaachie wanaokijua kuliko sisi? Tumeliuliza kuhusu uchapishaji wa vitabu, kuhusu mikate ya mabweni, kuhusu ulinzi wa malango. Siku hizi limefika katika maabara za uhandisi wa umeme, ambako linahusu kitu kinachotoshea kiganjani, nacho ni bodi ya saketi. Bodi nisemayo hapa, ili msomaji asije akapotea njia, si ile ya mikopo ya elimu ya juu wala ile ya nafaka na mazao, ambazo nazo zina mizunguko yake.

Bodi ya saketi ni kile kibao, aghalabu cha kijani, kinachoonekana mtu afunguapo redio, simu au mita ya stima. Kimeundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na juu yake pamebandikwa shaba nyembamba ajabu, kwa kawaida mikromita 35, yaani kama nusu ya unene wa unywele. Shaba hiyo huondolewa kote isipokuwa pale inapohitajika, ikabaki kama vijia vinavyoupeleka umeme kutoka kipuri kimoja hadi kingine. Mwanafunzi anayebuni kifaa chochote, hata kiwe kidude cha kupimia unyevu wa udongo shambani, hana budi kuwa na bodi yake. Ile ya kwanza huwa ya majaribio tu, na ni nadra sana kukuta bodi ya kwanza isiyo na kasoro.

Msomaji ana haki ya kuuliza mwanaisimu anatafuta nini katika maabara ya umeme. Nilitiwa katika kamati ya ununuzi ya chuo kimoja ambacho sitakitaja, nikiwakilisha kitivo cha sanaa, kwa ile desturi yetu ya kuhakikisha kwamba kila kamati ina mtu mmoja asiyejua kinachozungumzwa. Mbele yetu paliletwa ombi la fedha za kununulia mashine ya kuchonga bodi za saketi. Wahandisi wenyewe waligawanyika. Kundi moja lilitaka mashine na karakana. La pili lilisema kwamba kutengeneza bodi nyumbani katika zama hizi ni sawa na kusaga unga kwa jiwe ilhali kinu kiko ng'ambo ya barabara. Niliyoyasikia kwa muda wa saa tatu, na niliyoyachunguza baadaye kwa kuwasumbua wenzangu wa uhandisi, ndiyo yaliyonishawishi kwamba jambo hili lina uzito kuliko ukubwa wake, na kwamba walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wanapaswa kulipima wenyewe.

Tuanze na hoja ya wanaotaka kuagiza, kwa maana ina nguvu. Mji wa Shenzhen, kusini mwa China, una viwanda vinavyopokea mchoro kwa njia ya intaneti na kuchapa bodi kwa siku moja au mbili. Kampuni kama JLCPCB zimekuwa zikitangaza bei ya dola 2 kwa bodi tano za tabaka mbili zisizozidi sentimita 10 kwa 10. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka 2025 hizo ni kama shilingi 260, bei ambayo haitoshi kumnunulia mwalimu na mgeni wake chakula cha mchana katika mkahawa wa heshima. Na bodi hizo si za kubahatisha. Vijia vyake vya shaba vyaweza kuwa vyembamba hata milimita 0.15 au chini ya hapo. Matundu yake yamepakwa shaba kwa ndani ili umeme upite kutoka tabaka la juu hadi la chini. Uso wake umefunikwa rangi ya kinga inayozuia lehemu isisambae. Na majina ya vipuri yamechapwa kwa herufi nyeupe safi. Hakuna chuo nchini chenye karakana ya kawaida kinachoweza kutoa kitu cha namna hiyo kwa bei hiyo. Anayedai vinginevyo anajidanganya.

Lakini bei iliyotangazwa ni ya bodi, wala si ya bodi iliyofika. Kifurushi kikisafirishwa kwa kampuni za haraka, nauli huweza kuizidi bei ya bodi zenyewe mara kadhaa. Kikisafirishwa kwa njia ya posta ya bei nafuu, mwenyewe atasubiri wiki nyingi, akipiga hodi kila asubuhi kwa karani asiye na habari. Pana pia shughuli za forodha. Mwanafunzi mmoja mmoja anayeagiza kwa fedha zake za mfukoni ndiye anayeumia zaidi. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, wamegawanywa katika makundi ya watu wanne wanne. Yakiagiza kila moja kivyake, makundi hayo 15 yatalipa nauli mara 15. Idara ikikusanya michoro yote na kuituma kwa pamoja, nauli italipwa mara moja, na mzigo wenyewe hautazidi uzito wa kamusi ndogo. Nashangaa kuwa katika kamati yetu jambo hili lilichukua saa mbili kabla ya mtu kulitamka. Sehemu kubwa ya malalamiko dhidi ya kuagiza nje ni malalamiko dhidi ya idara zisizopanga kazi zao.

Hata hivyo, ipo gharama ambayo haiponyeshwi na mpango mzuri, nayo ni muda. Muhula wa chuo kikuu una takriban wiki 15, na za mwisho humezwa na mitihani. Mchoro ukitumwa Shenzhen na bodi zikarudi kwa njia ya haraka, tuseme zimepita wiki mbili, ukijumlisha na siku za kuchapa, kusafiri na forodha. Mwanafunzi analehemu vipuri vyake, anawasha umeme, kifaa hakifanyi kazi. Anagundua kosa, anarekebisha mchoro, anatuma upya. Wiki mbili nyingine. Hata akiwa na bahati ya kutokwama popote, hatapata zaidi ya majaribio matatu au manne kabla ya muhula kwisha. Na mwanafunzi wa kawaida, anayechelewa kama wanafunzi wote wanavyochelewa tangu dunia iumbwe, atapata mawili. Tuongeze kwamba viwanda vya China hufungwa wakati wa mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya siku 21 za Januari na 20 za Februari. Huo ndio wakati ule ule ambapo muhula wetu wa Januari umeanza kuchemka.

Sasa tumtazame mwanafunzi aliye na karakana jirani. Jumatatu anachora. Jumanne anachapa mchoro wake kwa printa ya leza juu ya karatasi laini ya jarida, anaulaza juu ya shaba, anaupiga pasi ya nguo mpaka ule wino wa unga uyeyuke na kung'ang'ania shaba. Anailoweka bodi majini, anabandua karatasi, kisha anaitumbukiza katika kloridi ya feri, maji ya hudhurungi yanayokula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino. Baada ya nusu saa hivi, kwa kutegemea joto na nguvu ya dawa, vijia vimebaki peke yake. Anatoboa matundu kwa keekee ndogo ya milimita 0.8, analehemu. Jumatano jioni anawasha na kuona moshi.

Moshi huo ndio niliotaka kuufikia. Wenzangu walinionyesha transista mbili, BC547 na 2N3904, zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Ziko katika umbo lile lile jeusi la nusu duara, zina miguu mitatu ile ile, na kwa kazi nyingi ndogo mojawapo hushika nafasi ya mwenziwe bila taabu. Lakini miguu ya pembeni imepangwa kinyume. Mwanafunzi aliyeichora moja na kununua nyingine dukani Luthuli Avenue, kwa kuwa ile ya kwanza imekwisha, ataona kifaa chake kimelala. Au alisahau kuugeuza mchoro kama katika kioo kabla ya kuupiga pasi, na bodi nzima ikatoka kushoto-kulia. Makosa haya hayafundishwi kwa hotuba. Mimi naweza kuyaandika hapa gazetini, na msomaji ataitikia kwa kichwa, na kesho atayafanya yale yale. Yanafundishwa kwa kutendeka, na aliyeyatenda Jumatano akayasahihisha Alhamisi amejifunza kitu ambacho aliyeyatenda Februari na kuyasahihisha Machi tayari amekisahau.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kitu ambacho chuo kinanunua kinapotenga fedha za kazi hii ni idadi ya makosa ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya na kuyasahihisha kabla ya muhula kwisha. Tukikihesabu kwa namna hiyo, karakana ya nyumbani, pamoja na ukorofi wake wote, inauza makosa kwa bei ya chini kuliko Shenzhen. Tukihesabu ubora wa bodi iliyo mkononi, Shenzhen inashinda bila mjadala. Pande zile mbili katika kamati zilikuwa zikibishana kwa vipimo viwili tofauti, na ndiyo maana hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Ukorofi wa nyumbani nao usifichwe. Njia ya pasi haiaminiki kwa vijia vyembamba kuliko takriban milimita 0.3. Matundu hayapakiki shaba kwa urahisi, kwa hiyo bodi ya tabaka mbili hulazimu kushonwa kwa vipande vya waya vinavyolehemiwa juu na chini, kazi ya kumtoa mtu machozi. Vifaa vya leo vya mawasiliano, vyenye chipu ambazo miguu yake imeachana kwa nusu milimita tu na zinazodai bodi za tabaka nne, haviwezi kuzaliwa katika beseni la kloridi ya feri. Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, kama zile zinazotengenezwa na LPKF ya Ujerumani, huepusha kemikali na kupunguza upana wa vijia, lakini bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, ncha zake hulika na lazima zinunuliwe upya, na vumbi la nyuzi za kioo linalotoka humo halifai kuvutwa puani. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayebuni kifaa cha redio na kulazimishwa kukichonga nyumbani kwa sababu ya uzalendo ataonewa bure.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika shamba langu mwenyewe, kwa kuwa naamini isimu inaweza kuwasaidia wahandisi waliokwama. Bodi iliyoagizwa ng'ambo hupelekwa kama maandishi. Mchoro hugeuzwa kuwa mafaili ya aina inayoitwa Gerber, kila tabaka na faili lake, nayo yakishatumwa mwandishi hayupo tena. Kiwandani watakagua kama vijia ni vyembamba mno au kama faili limekosekana, lakini hakuna atakayemwuliza, "Bwana mdogo, je, hapa hukukusudia waya huu uende kule?" Ulichoandika ndicho utakachopata, kwa uaminifu wa kutisha. Bodi inayotengenezwa nyumbani ni mazungumzo. Fundi wa maabara anautazama mchoro, anaguna, anasema njia hii itapiga shoti na ile, mwanafunzi anajitetea, mwenzake anadakia, na mchoro unabadilika kabla ya kugusa shaba. Kila mwanafunzi wa lugha anajua kwamba binadamu huanza kwa kusema na baadaye ndipo huandika, na kwamba uandishi una nidhamu yake ambayo usemi hauwezi kuifundisha, yaani nidhamu ya kulifanya tungo lisimame bila mtungaji kuwapo kulieleza. Mhandisi anazihitaji zote mbili. Anayeanza na kuagiza ni kama mtoto anayefundishwa kuandika barua kabla ya kutamka neno, na asiyeagiza kamwe atabaki na usemi wa kijijini kwake, usioeleweka na kiwanda chochote duniani.

Si kwa bahati kwamba fani yenyewe ilitoka katika uchapishaji. Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyepata kufanya kazi katika uchapaji wa magazeti, alihamia Uingereza mwaka 1936 akiikimbia chuki dhidi ya Wayahudi katika nchi yake, na huko London akapata wazo la kuchapa njia za umeme kama ukurasa unavyochapwa badala ya kuunganisha redio kwa waya mmoja mmoja. Aliomba hataza mwaka 1943, na katika Vita vya Pili vya Dunia ufundi huo ulitumika ndani ya mabomu ya kutungulia ndege. Yule Gerber ambaye jina lake limebaki katika mafaili niliyoyataja alizaliwa mji uo huo wa Vienna, mwaka 1924, akafika Marekani mwaka 1940 akikimbia balaa ile ile. Wakimbizi wawili wa mji mmoja, mmoja akatupa ukurasa na wa pili akatupa mwandiko. Nalitaja jambo hili kwa sababu linanipendeza, na pia kwa sababu katika kamati kuna aliyesema kwamba bodi za saketi "ni ufundi wa Wachina" ambao hatuwezi kuushindania. Shenzhen haikuuzaa ufundi huu. Iliujifunza kutoka kwingine.

Neno jingine la kiisimu, nalo ni fupi. Kiswahili kina lehemu, tuliyoipata kutoka Kiarabu na ambayo masonara wa pwani waliitumia kabla redio haijavumbuliwa. Kina karakana, iliyotoka Uajemi. Kina shaba na keekee. Na mafundi wetu wametunga kupiga shoti bila kumwuliza profesa yeyote. Istilahi huzaliwa pale kazi inapofanyika. Kamusi za sayansi zilizotungwa mezani, mathalani ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zilifanya kazi ya thamani, lakini neno halipati uhai hadi mtu alitumie akiwa ameshika kitu. Kazi yote ikihamia ng'ambo, maneno nayo hayatakuwa na mahali pa kuzaliwa.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 serikali iliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari la Kenya, na kufikia mwaka 1990 magari matano ya majaribio yalikuwa yameundwa na kuonyeshwa kwa shangwe. Hayakufuatwa na kiwanda kilichozalisha magari ya kuuzwa. Je, karakana za vyuo hazitatupeleka huko huko, kwenye fahari isiyo na tija? Mfano huo ni wa haki, lakini unathibitisha jambo tofauti na linalodhaniwa. Kuunda kitu cha majaribio ni kazi moja na kukizalisha kwa wingi ni kazi ya pili, na kosa ni kudhani kwamba ya kwanza ikifaulu ya pili imekwisha fanyika. Mimi siombi vyuo viwe viwanda. Bodi mia tano za kifaa kilichokwisha kukomaa ziagizwe popote zinapopatikana kwa bei nzuri. Na wanaotaka kuona uzalishaji ukifanyika hapa nchini waende wakatazame kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies kilichoko katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, au karakana ya pamoja ya Gearbox jijini Nairobi. Hizo ni habari za makala nyingine.

Kinachoniogofya zaidi katika ombi lile ni jambo lililoandikwa kwa maneno machache mno kwenye ukurasa wa mwisho. Mashine ilikuwa imetengewa fedha, mafunzo ya wiki moja yalikuwa yametengewa fedha, lakini fundi wa kuitunza hakuwamo. Ilidhaniwa kwamba wahadhiri wataitunza kwa zamu. Sote tumeona mashine za namna hiyo, zilizofunikwa kitambaa cha plastiki, zikiwa na kibandiko cha mfadhili na ufunguo uliopotea. Chuo kikilazimika kuchagua kati ya mashine isiyo na fundi na fundi asiye na mashine, naona heri fundi, maana yeye na beseni, pasi, keekee na printa ya leza watatoa bodi nyingi kuliko mashine iliyolala. Huyo ndiye mtu wa kuzungumza naye katika yale mazungumzo niliyoyasifu. Vyuo vyetu kwa miaka mingi vimewapandisha cheo wenye shahada na kuwasahau wenye mikono, na katika suala hili kusahau huko kuna bei inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Lipo pia suala la uchafu, ambalo wanaopenda karakana hawapendi kuliongelea. Kloridi ya feri iliyokwisha kula shaba imejaa shaba, na shaba hiyo ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Haimwagwi sinkini wala nyuma ya maabara. Lehemu ya kawaida ya mafundi ina bati 60 na risasi 40 katika mia, ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliwekea risasi katika vifaa vingi vya elektroniki mipaka mikali kuanzia Julai 2006. Sisi si wageni wa madhara ya risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo Desemba 2024. Sisemi kwamba beseni la maabara ni sawa na kiwanda hicho. Tofauti ya kiasi ni kubwa mno. Lakini chuo kinachofundisha uhandisi bila kumfundisha mwanafunzi pa kuupeleka uchafu wake kimemfundisha nusu. Mapipa ya kuhifadhia kemikali zilizotumika, lehemu isiyo na risasi kwa wanaoanza, madirisha yanayofunguka na miwani ya kukinga macho viingie katika bajeti kabla ya mashine. Kuagiza nje nako hakumfanyi mtu kuwa msafi. Uchafu upo vilevile, ila unamwagwa mbali na macho yetu.

Kwa walimu wa sekondari, hasa wale wanaofundisha sayansi na teknolojia chini ya mtaala wa umilisi, swali hili halitangoja mwanafunzi afike chuoni. Programu ya kuchorea bodi iitwayo KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa na baadaye kuendelezwa kwa msaada wa CERN, hutolewa bure na hufanya kazi katika kompyuta za kawaida. Shule yenye kompyuta tano na mwalimu mwenye subira inaweza kufundisha uchoraji wa bodi bila kugusa kemikali yoyote. Bodi ya tabaka moja ya taa inayowaka giza linapoingia inatosha kwa mwaka mzima wa mafunzo. Kwa shule ya namna hiyo ningesema michoro ya shule kadhaa za kaunti moja ikusanywe na kuagizwa kwa pamoja, maana mwalimu mmoja mwenye vidato vinne hawezi pia kuwa mlinzi wa kloridi ya feri. Hoja yangu ya karakana ni ya vyuo na taasisi za kiufundi, mahali penye mtu wa kuikalia.

Na katika vyuo hivyo mpango wenyewe haudai hekima ya kipekee. Muhula wa Januari uanze na bodi za nyumbani, za tabaka moja, mbaya za kutazama, nyingi kadiri wanafunzi wanavyoweza kukosea. Hizo ni zile wiki ambazo Shenzhen imefungwa kwa sikukuu hata hivyo. Kufikia wiki ya sita, mchoro uliokwisha kushindwa mara tatu au nne nyumbani usomwe na kundi jirani, faili kwa faili, kama insha inavyosomwa na mtu asiyeiandika, kisha idara itume yote katika kifurushi kimoja. Bodi zikirudi wiki ya nane au ya tisa, bado zitabaki siku za kulehemu, za kupima, na za kutuma mara ya pili kwa wale wachache watakaolazimika. Fedha za mashine ya kuchonga zingoje mwaka ambao fundi wa kudumu atakuwa ameandikwa kazi. Na akishaandikwa, funguo za karakana akabidhiwe yeye, zisiwekwe katika droo ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja, kabla ya wanafunzi kutoka darasani.